Mahali pa Kumlaza Sixbert

Mwaka wa mwisho chuoni Dar es Salaam, kila mwanafunzi wa mipango miji alitakiwa kuandika tasnifu, na wengi walikimbilia masoko. Ilikuwa miaka ya soko huria. Vibanda viliota kila kona kama uyoga, mitumba ilitandazwa hadi milangoni pa ofisi, na mwalimu yeyote alifurahi kusoma habari za wamachinga. Noela Haule peke yake ndiye aliyesema anataka kuchunguza mahali pa kuzikia watu mjini Songea.

Msimamizi wake, Dokta Edmund, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, alimwita ofisini akamuuliza kama ana msiba nyumbani. Noela akasema hana. Akaeleza kwamba likizo iliyopita alikwenda kuzika mara nyingi kuliko alivyokwenda harusini, na kila mara wachimbaji walihama na majembe yao kwa sababu wamegota mifupa ya mtu mwingine. Zamani, mji ulipopangwa, lilitengwa eneo la makaburi mapya chini ya milima ya Matogoro. Alikuwa ameliona kwenye mchoro wa mji, limepakwa rangi ya kijani. Lakini hakuwahi kusikia maziko yoyote yakielekea kule. Alitaka kujua kwa nini.

"Itakuwa kazi nzuri," Dokta Edmund alisema. "Ila watu hawapendi kuulizwa habari za makaburi. Nenda na adabu, na moyo uukaze."

Alifika Songea mwezi wa saba, baridi imekolea na upepo wa Matogoro unapeperusha vumbi jekundu hadi ndani ya vyungu. Kwao ni mtaa wa Lizaboni, nyumba ya matofali ya kuchoma, na barazani kulikuwa na cherehani ya mama yake, Adela, aliyeshona sare za shule tangu alipofiwa na mume. Siku hiyo cherehani ilikuwa imefunikwa kitenge. Noela alishangaa, maana shule zilikuwa zinafunguliwa, na mama yake hakuwa mtu wa kupumzika wakati kama huo. Alimwamkia. Mama akaitikia, kisha akamwonyesha chumba cha nyuma kwa kidevu.

Kitandani alikuwa amelala kaka yake, Sixbert, na Noela alimtambua kwa macho tu. Sixbert alikuwa mwanamume wa mabega. Alikuwa karani wa ushirika mpaka walipopunguzwa kazi, akaingia kwenye biashara kama kila mtu, akipeleka mahindi Makambako na kurudi na marobota ya mitumba. Ni yeye aliyemsomesha mdogo wake. Baba yao alipokufa Noela alikuwa bado wa kubebwa, na mbeleko aliyoikumbuka kwanza maishani ni mgongo wa kaka yake. Sasa shati lilikuwa limemmeza.

"Umerudi, mpanga miji," alisema. "Mimi nimeshapangiwa hapa."

Mama hakuwa amempelekea habari. Alisema hakutaka kumvuruga akili karibu na mitihani. Kuhusu ugonjwa wenyewe alisema ni kifua. Majirani nao walisema kifua, kwa sauti ile ya watu wa miaka ile, waliotaja kifua huku wakitazama pembeni.

Jioni, wakila, mama akauliza amekuja kuandika nini. Noela angeweza kusema barabara, au maji. Lakini hakuwa na mazoea ya kumdanganya mama yake, akasema kweli. Mama aliliweka tonge lake chini.

"Kaka yako yuko humo ndani," alisema, "na wewe umekuja kupima makaburi."

Akasema ule ni uchuro. Noela alijaribu kueleza kwamba alichagua kabla hajajua, kwamba chuo kimeshakubali, na kwamba kubadilisha sasa ni kupoteza mwaka mzima. Mama alinawa, akaenda kumpa mgonjwa togwa, na tangu siku hiyo hakumuuliza tena neno juu ya kazi yake. Hata hivyo habari haikukaa ndani. Haukupita muda, Lizaboni ikajua kuwa binti wa Adela anazunguka na futikamba akiuliza wafu wamelala wapi.

Lile eneo la kijani halikuwa tupu. Noela alikuta nyumba, migomba, mashamba ya maharage yaliyokwisha kuvunwa, na njia za miguu zilizong'aa kwa kukanyagwa. Watu walikuwa wamehamia mmoja mmoja: huyu alipunguzwa kazi akatolewa kwenye nyumba ya mwajiri, huyu alishindwa kodi, yule ametoka Mbinga baada ya kahawa kushuka bei. Walipokuja hawakuambiwa na mtu kuwa pale ni pa wafu, na mawe ya mipaka yalikuwa yameshamezwa na nyasi.

Wengine walimfukuza kabla hajamaliza salamu. Aliyempokea ni Walburga, mjane wa Kimatengo mfuga nguruwe, mwanamke mpole asiyezungusha maneno. Alimkalisha kwenye kigoda, akamuuliza kama ataandika kwamba wahamishwe. Noela akasema hajui bado ataandika nini. Walburga akamshukuru kwa kutomdanganya, akamchukua hadi nyuma ya nyumba, akamwonyesha kaburi la mumewe lililozungushiwa mawe. Makaburi ya mjini yalikuwa yamejaa, alisema, na gari la kumpeleka Mbinga lilikosekana. Basi wakamzika palepale.

"Mwandikie mwalimu wako kwamba kuzika tumeshaanza," alisema.

Juu ya nyumba za mwisho, kabla msitu haujaanza, kulikuwa na ukanda wa ardhi ya kokoto uliokataa mahindi. Hakuna aliyeutaka. Noela aliupima, Walburga akimshikia ncha ya pili ya futikamba, na walipopumzika waliuona mji wote chini yao: mabati ya Lizaboni, mnara wa kanisa, moshi wa majiko. Polepole wazo likamjia kwamba nyumba zibaki zilipo, na ukanda ule ndio uwe makaburi. Walburga akawakusanya majirani, wakalizungumza, wakasema hawana neno. Jirani aliyekufa, walisema, hagombei mpaka.

Nyumbani, aliyetaka kuyasikia hayo ni Sixbert peke yake. Mama akienda dukani au kanisani, alimwita dada yake afungue ramani. Noela aliitandaza juu ya blanketi, naye akafuata njia kwa kidole, akitaja ni nani anakaa wapi, ni wapi alikoumwa na mbwa wa padre utotoni, ni baraza lipi alipomchumbia msichana akakataliwa. Mara nyingine walicheka mpaka kikohozi kikamshika. Siku moja kidole chake kikafika kwenye ukanda wa kokoto, kikakaa.

"Mimi mnilaze hapa."

Noela akamwomba asiseme hivyo. Akasema mahali penyewe hapajakubaliwa na mtu yeyote mwenye mamlaka, ni mawazo ya mwanafunzi tu, na kwamba yeye atapona.

"Sikiliza, Noela. Wakinipeleka kijijini, mama hatalikanyaga kaburi langu."

Ndipo akamweleza jambo ambalo Noela hakuwahi kuambiwa. Kijiji cha baba yao kiko upande wa Hanga, na baba amezikwa huko. Siku ya kuanua matanga, ukoo ulimkalisha mama yao mbele ya watu, ukamwambia kwamba mikono yake ndiyo iliyommaliza ndugu yao. Msemaji alikuwa baba mkubwa Leo, kaka wa marehemu. Mwaka uliofuata mama alikwenda kaburini kung'oa majani. Leo akamfuata, akampokonya jembe, akamwambia asirudi mpaka aitwe. Hakuitwa. Sixbert alikuwa naye siku hiyo, kijana wa shule, akaona kila kitu. Njiani wakirudi mama akamwapisha asimwambie mdogo wake, ili mtoto akue akiwapenda watu wa baba yake.

"Mama anashika mila," Sixbert alisema. "Wakija kunichukua hatakataa. Atawaachia, halafu atakaa hapo barazani maisha yake yote akiniwaza. Mimi nataka akitoka misa achukue jembe lake, aje, bila kuomba ruhusa ya mtu."

Noela akamuuliza kwa nini hamwambii mama mwenyewe. Akasema kila akianza, mama hutoka nje. Na ndivyo ilivyokuwa. Adela hakutaka jina la kaburi litajwe chini ya paa lake. Kwake, mgonjwa aliyekuwa akimuuguza alikuwa mtu wa kupona. Noela akaahidi kwamba siku ikifika, yeye atasema.

Asubuhi ya siku aliyokufa, Sixbert aliamka na nafuu. Alikunywa uji kidogo, akamhimiza dada yake aende amalizie vipimo vyake kabla upepo haujapanda. Noela akaenda. Alikuwa kwenye kokoto, futikamba imelala miguuni, alipomwona jirani yao wa Lizaboni akipanda mlima, anakimbia, anasimama ameshika kiuno, anakimbia tena. Alijua kabla hajaambiwa.

Alipofika nyumbani wanawake walikuwa wameshaketi chini. Mama yake alimtazama miguu, iliyokuwa myekundu kwa vumbi hadi magotini.

"Alikuulizia," alisema. "Nikamwambia unakuja."

Akawageukia tena wanawake.

Kesho yake akaja baba mkubwa Leo, na wazee wa ukoo, na lori la kubebea maiti. Leo alikuwa amezeeka, anatembelea fimbo, na alipofunuliwa uso wa mtoto wa ndugu yake alilia kwelikweli, hata Noela akamwonea huruma. Kikao kilikaa uani. Mzee akasema Sixbert atalazwa kando ya baba yake, kaburi limeshaanza kuchimbwa, na kama kuna mwenye neno aseme. Alisema hivyo kwa desturi tu.

Noela akasimama. Alisema kaka yake aliomba azikwe hapahapa mjini, kule Matogoro, kwamba mahali papo na wakazi wake wameridhia.

Baba mkubwa akauliza ni nani mwingine aliyesikia maneno hayo ya marehemu. Noela akasema hakuna. Akauliza ni nani amelala kwenye ukanda huo. Noela akasema bado hakuna.

"Mwanangu," mzee alisema, wala hakuwa mkali, "habari za masomo yako zimefika hata kwetu. Unatafuta mtu wa kufungulia makaburi yako. Sasa ndiyo umemwona kaka yako?"

Watu wakainamisha vichwa. Noela alikuwa na jibu, zima, kama alivyolipokea kitandani kwa kaka yake. Alichohitaji ni kulitaja lile jembe, na jina la aliyelipokonya. Lakini kulitaja pale, mbele ya majirani na katekista, huku mama yake amejifunga kitambaa cha msiba, aliona ni sawa na kumvua mama yake nguo hadharani. Akamgeukia. Laiti mama angeinua macho, Noela angesema. Mama alikuwa akiutazama mkeka.

"Akalale na baba yake," Adela alisema.

Ikawa hivyo. Walisafiri na jeneza hadi kijijini, wakamzika chini ya jua kali la baridi, katekista akasoma, kwaya ya kigango ikaimba. Adela aliachwa atupe udongo kama mama wa marehemu. Hakuna aliyemtukana. Walipokuwa wakipanda lori kurudi, hakuna pia aliyemwambia karibu tena.

Noela akarudi chuoni na kuandika. Wenzake walidhani msiba utamshinda, lakini aliifanya kazi ile kama mtu anayelima shamba la deni, bila kuinua kichwa. Alieleza jinsi mji ulivyojaa na kwa nini. Alipendekeza watu wa Matogoro waachwe kwenye nyumba zao na ukanda wa kokoto upimwe uwe makaburi. Katika mapendekezo aliweka sentensi moja kwamba kaburi liwe mahali ambapo mama mzee anaweza kufika kwa miguu na jembe lake, na kurudi, bila kuomba ruhusa ya mtu. Siku ya kuitetea kazi yake, mwalimu mmoja alitaka kujua sentensi ile ameitoa kwenye kitabu gani. Noela alisema aliambiwa na mkazi mmoja wa Songea. Dokta Edmund akabadilisha mazungumzo. Noela alipata daraja la kwanza. Mwenzake mmoja alimwandalia soda na keki; alikula keki, akaenda kuoga, akalilia humo bafuni.

Alirudi nyumbani mwezi wa kumi wa mwaka huo, mvua bado hazijaanza. Nakala moja ya tasnifu aliipeleka kwa wakubwa wa mji, wakaipokea kwa shukrani. Nyingine aliiweka mezani kwao. Mama alikuwa ameshairudia cherehani yake. Walikuwa wakiishi vizuri, wakisalimiana, wakila pamoja, lakini kati yao kulikuwa na kitu kilichokaa kimya, mfano wa mgeni asiyeaga.

Mchana mmoja mama akasema, pasipo kuinua kichwa kwenye kitambaa, "Nisomee hicho kitabu chako."

Kilikuwa cha Kiingereza. Noela alikisoma akikigeuza kwa Kiswahili, kurasa hapa na pale, na cherehani ikaendelea kuimba. Alipofika kwenye sentensi ya mama mzee na jembe, cherehani ikanyamaza.

"Hayo umeyapata kwa nani?"

"Kwa Sixbert."

"Alisemaje?"

Noela akamwambia yote: kidole juu ya ramani, kaburini kule upande wa Hanga, mkono wa baba mkubwa Leo, kiapo cha njiani. Mama alisikiliza, uzi ukining'inia kwenye sindano. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka usingizini.

"Habari ya jembe alikuambia."

"Aliniambia, mama."

"Hapa nyumbani hiyo tuliijua mimi na yeye tu."

Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, akaifuta tena.

"Siku ile ya kikao nilidhani unasema kwa ajili ya kitabu," alisema. "Nikasema moyoni, mwanangu mmoja amekufa, mwingine anamfanyia masomo. Hasira ndiyo iliyonijibisha vile. Mimi mwenyewe sikutaka aende kule, Noela. Nilikuwa naomba Mungu atokee mtu wa kuwazuia. Ukatokea wewe, nisikuamini. Ungeniita jikoni, ukanitajia jembe tu, lile lori lingerudi tupu."

Noela alisema aliona aibu kwa niaba yake, mbele za watu. Mama akaitikia kwa kichwa, kama anayekubali kwamba hilo nalo lina maana, lakini halisaidii kitu. Hawakukumbatiana. Walikaa tu pale barazani mpaka kivuli cha nyumba kikavuka barabara, wakaingia kupika.

Juma lilelile Adela alituma ujumbe kijijini, kupitia mfanyabiashara wa mahindi anayepita kule, kuomba ukoo umruhusu aje kuangalia kaburi la mwanawe siku ya marehemu wote. Jibu lilikuja kwamba baba mkubwa Leo anaumwa na jambo hilo litazungumzwa atakapopata nafuu.

Siku ya marehemu wote ikafika, tarehe mbili Novemba. Baada ya misa, padre aliongoza waumini hadi makaburi ya mjini, kila mmoja na jembe lake au panga, maua ya bustanini na chupa ya maji ya baraka. Noela alitembea nyuma ya mama yake. Walipofika, watu walitawanyika, kila nyumba ikaenda kwa watu wake. Hapa walipalilia, pale walipaka chokaa msalaba, kule wameanza rozari. Adela alisimama katikati ya njia na jembe mkononi, akitazama huku na huku, kama mtu aliyeshuka kwenye kituo asichokijua.

Kisha akaenda pembeni, karibu na ua wa miti, kwenye kaburi lililotitia, msalaba wake wa mti umelala na jina limefutika. Halikuwa na mtu. Akapiga magoti, akaanza kung'oa majani, moja moja, na mizizi yake, akiyakung'uta udongo. Noela alitaka kumuuliza ni la nani, akaacha. Akapiga magoti upande wa pili, akaanza na yeye kung'oa.